Kadi yangu imeandikwa "missed abortion", ukweni wanasema nilitoa mimba

mama_wa_mmoja ameuliza:

Habari zenu wapendwa. Naandika saa saba usiku, mtoto kalala, mume analala sebuleni tangu juzi na hatuongei zaidi ya "chakula tayari". Naomba mnisome mpaka mwisho.

Nina miaka 27, naishi Morogoro, Kihonda. Tuna mtoto mmoja wa kiume, miaka minne. Huyu wa pili tulimtafuta karibu mwaka mzima. Iliposhika niliijua mapema kwa sababu ya vitunguu. Harufu ya kitunguu kikikaangwa nilikuwa natoka nje kabisa, mume ndiye akawa anaunga mboga. Wiki ya saba nikaugua malaria, nikapimwa zahanati, nikapewa dawa ya mseto, nikapona.

Halafu asubuhi moja nikajikuta nimesimama jikoni nakaanga kitunguu mwenyewe na harufu hainisumbui. Nilifurahi. Nikamwambia mume, kichefuchefu kimeniacha, sasa nitakula. Nikiikumbuka ile asubuhi mate hayapiti.

Wiki ya 11 nikaona doa kwenye nguo ya ndani, rangi ya chai ya rangi, hata si damu ya kusema damu. Nikaenda hospitali moja hapa mjini. Kwenye ultrasaundi daktari alizungusha kile kifaa muda mrefu, akageuza skrini upande wake, akatoka akarudi na mwenzake. Wakaangalia wote wawili. Ndipo akaniambia, "Mama, mtoto ana milimita 16, huo ni ukubwa wa wiki nane, na moyo haupigi." Nikauliza mtauanzisha vipi. Nilikuwa nadhani unaweza kuanzishwa.

Nikapewa vidonge. Usiku ule damu ikatoka sana, na maumivu kama ya uchungu wenyewe. Siku ya tatu wakapima tena wakaona kuna mabaki, wakanisafisha kwa lile bomba la kuvuta kwa mkono, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyekaa akanieleza nini kimetokea. Nikapewa kadi.

Mama mkwe akaja kutoka Kilosa kuniuguza, akaja na wifi yangu mdogo aliyemaliza kidato cha nne. Wifi akaichukua kadi mezani akaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza: "G2 P1+0, 11/40, missed abortion". Ukurasa wa pili: "incomplete abortion, MVA done". Akamtafsiria mama yake mbele yangu: abortion ni kutoa mimba, missed ni kukosa, incomplete ni haijakamilika. Kwa hiyo mara ya kwanza alijaribu kutoa ikakosa, akajaribu tena haikukamilika, hospitali ndio wakammalizia.

Mama mkwe alikuwa anakoroga uji wangu. Aliweka mwiko kwenye kifuniko, akazima jiko, akaingia chumbani. Kesho yake alfajiri akaondoka na basi la kwanza. Mume aliporudi kazini, dada yake alishampigia. Akaniuliza swali moja tu: "Alikuwa wa nani mpaka ukamtoa?"

Nauliza hivi. Hayo maneno yanamaanisha nini hasa? Je, ni mimi niliyesababisha? Maana nilibeba ndoo za maji, nilipanda bodaboda, nilimeza ile dawa ya malaria. Na je, nitashika tena? Mume amesema anataka kuichana hiyo karatasi asiione.

---

binti_mgeta:

Pole sana mama. Nimelia mimi.

Nikupe yangu haraka. Mwaka 2018, mimba ya wiki tisa, nilitokwa na damu nyekundu kabisa mpaka kwenye kanga. Kadi yangu ikaandikwa "threatened abortion". Nami niliogopa hilo neno hivyo hivyo, nikadhani daktari ananishuku. Yule niliyeandikiwa "abortion" yuko hapa pembeni yangu sasa hivi, amelala na miguu imening'inia nje ya kitanda. Anaenda shule. Kama lile neno lingekuwa na maana anayoisema wifi yako, mwanangu huyu asingekuwepo.

---

mzee_wa_hoja:

Daktari hawezi kuandika abortion kwa mtu ambaye hakutoa. Wale ni wasomi, wanajua maana ya Kiingereza. Mume ana haki ya kuuliza.

---

mkunga_mstaafu:

Mwanangu mama wa mmoja, pole. Nimekuwa mkunga miaka 31, na mingi kati ya hiyo nilikuwa wodi ya mimba changa. Hayo maneno mawili yaliyo kwenye kadi yako nimeyaandika kwa mkono wangu mara nisizoweza kuzihesabu, na ninalojutia ni kwamba wengi sikuwaeleza nimeandika nini. Tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda ishirini na kitu. Lakini kumweleza mtu huchukua dakika tano, na dakika tano tulikuwa nazo. Basi acha nikueleze wewe leo.

Kwanza, kwa mzee wa hoja. Katika maandishi ya hospitali, "abortion" ni mimba yoyote iliyokatika kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje. Kwetu tulifundishwa kabla ya wiki 28. Neno hilo halisemi imekatikaje. Iliyotoka yenyewe ni hilo, iliyotolewa ni hilo. Kiswahili ndicho kinachotenganisha: mimba *kuharibika* na mimba *kutolewa*, vitenzi viwili tofauti, kimoja hakina mtu nyuma yake na kingine kina mtu. Daktari akitaka kuandika kwamba imetolewa kwa makusudi anaongeza neno jingine, "induced". Kwenye kadi ya huyu mama halipo. Kwa hiyo aliyeandika ni msomi kweli, ila wewe umesoma neno moja ukaacha lililo pembeni yake.

Sasa wewe mwanangu. Wanafunzi wangu nilikuwa nawafundisha kwa kipande cha kanga. Nakifanya kifuko, natia ndani chungwa, nafunga mdomo kwa kamba. Kifuko ni kizazi, kamba ni mlango wa kizazi. Halafu nawauliza mambo mawili tu: kamba imefungwa au imelegea? Na chungwa liko wapi, zima au limeharibika?

Kamba imefungwa, chungwa zima, ila kifuko kinalowa damu: hiyo ndiyo mimba inayotishia kutoka, ile ya binti wa Mgeta. Nyingi katika hizo, moyo ukishaonekana unapiga, hufika salama. Kamba ikilegea na damu inatoka na maumivu, hapo haizuiliki tena, hata ukilala kitandani mwezi mzima. Vikitoka vyote na kamba ikajifunga, imekamilika, na mara nyingi huhitaji kitu zaidi ya kupima na kupumzika. Sehemu ikitoka na sehemu ikabaki, ndiyo "incomplete", na mabaki ndiyo yanayoleta damu nyingi. Na uchafu ukiingia humo ndani, homa, harufu mbaya, tumbo kuuma ukiligusa, hiyo ni ya kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu inaua.

Ya kwako ni ile ambayo wanafunzi walikuwa wanaisahau kila mtihani. Kamba imefungwa vizuri, kifuko kikavu, kwa nje kila kitu kimetulia. Ndani chungwa limekwisha. Ndiyo "missed". Hiyo "kukosa" haihusu wewe kujaribu kitu ukakikosa. Ni mwili ambao haujatambua. Mtoto moyo umesimama, lakini kondo bado linatoa homoni kidogo, mlango umefunga, damu haitoki, na kipimo cha mkojo bado kinaonyesha mistari miwili. Mama anatembea nayo wiki mbili, tatu. Wewe umeambiwa ukubwa wa wiki nane ukiwa wiki ya 11. Hesabu mwenyewe.

Ile asubuhi ya vitunguu sitaki uibebe kama kosa. Kichefuchefu huondoka chenyewe kwa wengi mimba ikikaribia miezi mitatu na watoto wao wazima. Hakuna mkunga duniani angekuambia asubuhi ile ukimbie hospitali kwa sababu umeweza kukaanga kitunguu.

Na walivyokupima walifanya sawa. Kanuni ni kwamba kiinitete kikiwa na urefu wa milimita 7 au zaidi na moyo haupigi, mimba haipo tena. Chini ya hapo unamrudisha mama baada ya wiki moja au mbili upime upya, usije ukakatiza mimba iliyo changa tu. Wako alikuwa na 16, na waliangalia wawili.

Halafu vidonge. Vile vinafanya kizazi kikaze na mlango ufunguke, yaani kazi ambayo mwili haukuianza. Kwako vikatoa sehemu, sehemu ikabaki. Kwa hiyo ukurasa wa pili "incomplete" ni mimba ile ile, siku ya tatu, hatua iliyofuata. Si tukio la pili. Wifi yako amesoma hatua mbili za ugonjwa mmoja akazifanya makosa mawili. Na MVA ni hilo bomba la mkono. Zamani tulikuwa tunakwangua kwa chuma, siku hizi Shirika la Afya Duniani linataka kufyonza au vidonge, kwa sababu chuma kinaweza kuumiza ukuta wa kizazi.

Kuhusu sababu. Karibu nusu au zaidi ya mimba zinazoharibika miezi mitatu ya mwanzo zina hitilafu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, hesabu haikukaa sawa yai na mbegu zilipokutana. Imeamuliwa siku ya kwanza, kabla hujajua kama una mimba. Ndoo ya maji haifanyi hilo. Bodaboda haifanyi hilo. Kulala na mumeo hakufanyi hilo, wala jicho la jirani. Dawa ya mseto nayo, Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2022 itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza. Kinachoweza kuumiza mimba ni malaria yenyewe, kwa hiyo ulifanya vema kutibiwa. Kama malaria ilichangia au haikuchangia kwako, hakuna atakayeweza kukuambia kwa uhakika, na mimi sitakudanganya.

Kushika tena: uwezekano ni mkubwa. Mimba kama moja katika kila nane zilizojulikana huharibika, na wengi wa hao mama huzaa mara inayofuata bila tiba yoyote. Angalia, yai linaweza kupevuka hata wiki mbili baada ya kusafishwa, kwa hiyo kama hauko tayari tumia kinga mapema. Ukiwa tayari anza vidonge vya foliki asidi kabla, na mpimwe kaswende wote wawili.

Karatasi msiichane. Mimba ijayo mkunga atataka kuiona.

---

mwaka_wa_nne_dodoma:

Shikamoo mama mkunga. Nasoma udaktari, naongezea kidogo tu.

Malalamiko ya mama wa mmoja si ya Morogoro peke yake. Mwaka 1985 Beard na wenzake waliandika katika jarida la Lancet la Uingereza wakiwaomba madaktari wenzao waache kutumia "abortion" kwa mama ambaye mimba imeharibika yenyewe, watumie "miscarriage", kwa sababu lile neno lilikuwa linawaumiza wanawake waliokuwa wanaomboleza. Wengi huko walibadilika. Vitabu tunavyosomea bado vina maneno ya zamani, na sisi tunayanakili kwenye kadi jinsi yalivyo. Nilikuwa wodini wiki iliyopita nikaandika hivyo hivyo, sikuwaza kwamba kadi inafika nyumbani na kuna mtu ataisoma. Kuanzia kesho nitamweleza kila mama kabla sijampa.

Mzee wa hoja, "G2" ni mimba ya pili, na "P1+0" hapo maana yake amezaa mara moja, na sifuri ni mimba zilizowahi kukatika kabla. Daktari alimhoji historia yake yote akaandika sifuri. Hilo nalo lipo kwenye ukurasa ule ule.

---

mzee_wa_hoja:

Nimesoma. Kuhusu neno nimekosea, samahani mama. Ila mkunga, tuseme kweli ametoa. Je, hospitali haitakiwi kutoa taarifa? Si ni kosa kisheria?

---

mkunga_mstaafu:

Sheria ya Tanzania inakataza, ndiyo, Kanuni ya Adhabu inasema hivyo, na inaruhusu pale tu inapobidi kuokoa maisha ya mama. Lakini mtu akinifikia anatokwa damu, sikuwahi kuanza na swali la nani na kwa nini. Nilianza na presha, mapigo, na kutafuta mshipa. Huduma ya mama ambaye mimba imeharibika ni ile ile hata kama amejitoa mwenyewe, na miongozo yetu iko hivyo. Nimeona mabinti waliokaa nyumbani siku tano na homa kwa kuogopa swali lako hilo. Mmoja alikuwa na daftari la shule ndani ya mkoba. Sitaki kusema zaidi.

---

mama_wa_mmoja:

Shikamoo mama mkunga, asante. Nimesoma mara tatu. Pale kwenye kifuko cha kanga nilishindwa kuendelea, nikatoka nje kwanza.

Nina swali. Ikitokea tena? Kuna jirani zangu wanasema nina chango, nikanywe dawa ya mizizi kabla sijashika nyingine.

---

mkunga_mstaafu:

Marahaba mwanangu. Mara moja hatuchunguzi, tunasubiri. Zikiharibika tatu mfululizo, na siku hizi wengine huanza baada ya mbili, hapo unatafutwa ugonjwa: sukari, tezi ya shingo, umbo la kizazi, na ile hali ambapo damu inaganda kupita kiasi kwenye kondo, ambayo ina tiba yake, aspirini ndogo na sindano za heparini. Zile zinazotoka miezi minne au mitano bila uchungu mwingi mara nyingi ni mlango wa kizazi umelegea, na huo tunaushona uzi karibu wiki ya 12 mpaka 14, tunaukata mtoto akikomaa. Wako haufanani na huo.

Jirani wanaita chango kila kitu cha tumboni kisichoeleweka. Mizizi usinywe, hasa ukiwa unatafuta mimba. Mingine inakaza kizazi.

Kwa sasa angalia haya: ukijaza pedi mbili ndani ya saa moja, ukipata homa, harufu mbaya, au kizunguzungu ukisimama, usingoje asubuhi. Na umwambie mumeo aje asome hapa. Si lazima akubali mbele yako, mpe simu uondoke.

---

fundi_wa_msamvu:

Sisi wanaume huwa hatuambiwi. Mke wangu aliposafishwa nilisimama nje ya mlango na thamosi ya chai, muuguzi akapita mara nne bila kunitazama, nikapewa karatasi ya malipo. Nilikaa na hasira miezi mingi na sikujua namkasirikia nani. Shemeji, kama unasoma hii, kaa na mkeo. Nenda naye kwenye kipimo cha kurudia, ingia ndani, uliza mwenyewe.

---

mama_wa_mmoja:

Ndugu zangu, narudi baada ya siku nne.

Nilifanya kama mama mkunga alivyosema, nikampa simu nikaenda kumwogesha mtoto. Nilipotoka alikuwa ameinama anasoma, kadi ameiweka gotini, anafuata neno kwa neno kwa kidole. Akaniuliza, "Hii 11/40 ni wiki 11 kati ya 40?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe siku ile ya vitunguu ilikuwa imeshatokea." Akanyamaza, akaanza kulia. Sijawahi kumwona analia, hata msiba wa baba yake hakulia mbele yangu. Usiku huo alirudi chumbani.

Jana akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu nisikie. Alimweleza taratibu, mpaka kile kifuko cha kanga. Mama mkwe alikaa kimya muda, tukadhani simu imekatika. Halafu akauliza alikuwa wa kiume au wa kike. Mume akanitazama. Nikasema, mama, shikamoo, alikuwa milimita 16, kwa macho hajulikani bado. Akaitikia marahaba, akauliza, "Na mlimweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Hospitali hawakuniuliza na mimi sikujua kama naweza kuomba. Mama mkunga, hilo nalo naomba unieleze, huwa wanapelekwa wapi? Anakuja Jumamosi, najua ataniuliza tena.

---

mkunga_mstaafu:

Mwanangu, kwa umri ule huwa ni tishu tu zinazotoka pamoja na damu, na hospitali huziteketeza au huzifukia kwenye shimo maalumu la kondo lililojengewa. Mama akiomba apewe azike kwao, mimi nilikuwa nawapa, ndani ya kitambaa safi. Hukuambiwa kwamba unaweza kuomba, na ulistahili kuambiwa.

Mwambie mama mkwe hivyo hivyo, usipunguze kitu. Na akija mwachie akukorogee uji aliouacha.